Shajara ya Subaru iliyokula mzinga

2 Desemba, Kizota, Dodoma

Bredauni imeishusha gari hapa gereji leo saa nne asubuhi, ikaiacha chini ya mwarobaini, kati ya Noah isiyo na injini na Fuso la mtu aliyeacha kulipa. Laki nne na nusu kutoka Kibaigwa. Nimelipa bila kubishana.

Kwa asiyeijua: ni Impreza WRX STI ya 2006, rangi ya fedha, injini ya lita 2.0 yenye turbo, nguvu za farasi 280 kwenye karatasi za Japani. Niliinunua milioni 27 mwaka ambao ofisi yetu ilihamia Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Nilimwambia mke wangu naitaka kwa ajili ya kwenda na kurudi kazini. Alinitazama tu.

Ilivyotokea nitaiandika mara moja, kisha basi. Jumapili jioni natoka Morogoro, mdogo wangu kakaa kiti cha pembeni. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha kama robo saa, ile inayoamsha harufu ya udongo na kuinua oili na vumbi la kiangazi kizima juu ya lami. Mbele yangu lori la mahindi. Nikashusha gia hadi namba tatu, nikakanyaga. Turbo ilipoamka, mkia wa gari ukatoka kulia. Mshale ulikuwa kwenye 110. Nikafunga breki usukani ukiwa umekata, kosa la pili ndani ya sekunde moja. Tukajizungusha mzima mzima, kisha kona ya mbele kushoto ikaparamia ukingo wa kalavati.

Mdogo wangu hakuvunjika. Tulichukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, akapigwa picha, mifupa yote iko sawa. Ila ana mchirizi wa zambarau toka begani hadi kiunoni, upana wa mkanda kamili, ungedhani kachorwa kwa rula.

5 Desemba

Wapita njia wamegeuza gari yangu kijiwe. Swali lao ni lilelile: "Si inavuta tairi zote nne?" Inavuta, ndiyo. Hiyo inakusaidia kuondoka. Ukija kwenye kusimama na kukata kona, hata Vitz ina tairi nne. STI inakufikisha 110 kabla hujamaliza sentensi, halafu inakuachia tairi nne kama za kila mtu. Na mwendo ukiuzidisha mara mbili, kishindo cha kugonga kinazidi mara nne. Kwa hiyo 110 si 55 mbili, ni 55 nne. Nilifundishwa hayo kidato cha tatu nikayafaulu mtihani.

Mafundi bodi watatu wamepita. Wa kwanza kazunguka gari mara moja, mikono mfukoni: "Bosi, milioni nne, nakurudishia kama ilivyoshuka melini." Wa pili akasema tano. Wa tatu hakutaja bei. Alilala chini ya gari kama dakika kumi, akatoka na majani kwenye nywele, akasema, "Kaka, hii tuifungue kwanza ndiyo tuongee." Nimempa huyo.

Bima? Nina ile ndogo ya 118,000, inayomlipa unayemgonga. Kalavati halijadai kitu. Bima kubwa nilipigiwa hesabu ya milioni moja na ushee, nikaona wananiibia.

8 Desemba

Leo sikugusa injini wala bodi. Nimechuchumaa nyuma ya gari na kitambaa chenye maji nikifuta ubavu wa tairi.

Kwenye kila tairi kuna herufi DOT na mfuatano wa alama, na mwisho wake namba nne ndani ya kiboksi chenye umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Za mbele zinasomeka 2821: wiki ya 28, mwaka 2021. Za nyuma, zote mbili: 0914. Yaani mpira uliotoka kiwandani mwanzoni mwa Machi 2014. Kashata, yaani meno ya tairi, bado zilikuwa nzuri, ndiyo maana nilizinunua za mtumba barabarani nikajiona mjanja. Nimejaribu kubonyeza mpira kwa ukucha. Wa mbele unabonyea kidogo. Wa nyuma ni kama kisigino cha kiatu cha mgambo.

Mkia ndio uliotoka kwanza. Sikuhitaji mtaalamu wa kuniambia kwa nini.

Gari ya milioni 27 iliyokaa juu ya tairi mbili za elfu tisini. Nikisoma mtu mwingine kaandika hivi, ningemcheka.

21 Desemba

Siku ndefu. Fundi injini kafika saa tatu, mzee wa Kigogo anayeongea kwa kupima. "Mbukwenyi," kasalimia kijiwe kizima, kaweka sanduku lake chini, kainama mbele ya gari bila kugusa kitu.

Vijana walikuwa wamenisubiri na betri. "Piga stata, bosi, tusikie kama inapumua." Nami nilitaka. Wiki tatu sijaisikia.

"Usipige," mzee akasema.

Akanionyesha. Rejeta imerudi nyuma, feni imeegemea kava la plastiki mbele ya injini, na kava limepasuka. Nyuma ya kava ndipo unapopita mkanda wa taimingi. Injini hii ina kemshafti nne, mkanda mmoja mrefu unazizungusha zote, na imejengwa kwa namna kwamba mkanda ukiruka meno, valvu zinakutana na pistoni. Stata moja ya kufurahisha kijiwe ingeweza kunigharimu silinda hedi mbili.

Akafungua kava boliti moja moja. Kipande cha plastiki kilikuwa kimeingia kikaula mkanda pembeni, nyuzi zimetoka kama ndevu. Akachukua spana ya 22, akaiweka kwenye pulii ya krenki, akazungusha taratibu mno, kichwa kimeinama, anasikiliza kwa mkono. Akasimama. Akazungusha tena. Mimi nilikuwa nimeshika tochi ya simu na nikagundua nimeacha kupumua.

"Alama zote zimekaa," akasema mwisho. "Haujaruka."

Mkanda mpya, roli zake, tenshena na pampu ya maji pamoja na ufundi: 850,000. Kwa kitu ambacho hakuna mtu atakiona boneti likifungwa. Ila mzee kaondoka na zabibu zangu kilo mbili juu ya pesa yake, na angetaka tatu angepewa.

Habari njema nyingine: kwenye Subaru hii intakula, kipoza hewa ya turbo, imelala juu ya injini, chini ya ule mdomo wa boneti, si mbele ya rejeta. Imepona. Kwa magari mengi ya turbo ingekuwa ya kwanza kukunjika.

11 Januari, Dar

Nimeshuka na treni ya SGR ya alfajiri, saa nne nipo kwenye maduka ya spea ya Gerezani na sumaku mfukoni. Sumaku nimeing'oa kwenye spika mbovu ya redio ya mke wangu.

Natafuta nozikati, yaani pua nzima iliyokatwa Japani: bampa, boneti, taa, madigadi mbili, rejeta na fremu yake. Wa kwanza kanipeleka kwenye chumba chenye giza. "Hii hapa STI, kaka, orijino." Nikaweka sumaku kwenye boneti. Ikanata pwaa. Boneti la STI ya toleo hili ni la alumini. Sumaku ingeteleza ikaanguka. Hili lilikuwa bati lililochongwa mdomo. Muuzaji kaangalia sumaku, kaniangalia, kacheka: "Wewe umekuja na mitego." Tukaagana kwa amani.

Wa pili alikuwa na ya kweli, lakini ya 2003, na alitaka niichukue na miguu yake ya mbele. Ingekuwa hasara kamili. Kuanzia 2005 haba za STI, pale tairi inapofungwa, zilibadilishwa: stadi (boliti za tairi) tano bado, ila duara lake limetoka milimita 100 kwenda 114.3. Rimu zangu zisingeingia. Nilipima kwa rula ya shule ya mwanangu, muuzaji akiapa kwa mama yake kuwa zinaingiliana.

Wa tatu, saa nane mchana, jasho hadi kwenye soksi: nozikati ya 2006, milioni 5 na laki mbili baada ya mabishano ya saa nzima. Usafiri kwa lori hadi Dodoma laki tatu. Mguu wa kushoto (shokapu, haba, lowa arimu ya alumini, tairodi) na shokapu ya kulia, kwa kuwa hazibadilishwi moja moja: 1,900,000. Lowa arimu ya zamani mtu mmoja kijiweni aliniambia ichomwe na kunyooshwa. Alumini ikishakunjwa haikuambii itavunjika lini.

Fedha zimetoka SACCOS ya kazini. Kwenye fomu, sehemu ya "madhumuni ya mkopo", nimeandika "matengenezo".

15 Februari

Chasisi. Hapa ndipo fundi wa milioni nne angenimaliza, kwa kuwa bampa jipya linaficha kila kitu.

Reli ya kushoto imerudi nyuma na kuinuka kidogo. Tumefunga gari nyuma kwa minyororo miwili kwenye nguzo za chuma zilizozikwa kwa zege, mbele tukafunga winchi ya mkono. Fundi havuti kama anayechomoa muhogo. Anavuta kidogo, anaacha chuma kipumzike, anapima. Kipimo chake ni tepu tu: toka boliti ya kushoto mbele kwenda kulia nyuma, kisha toka kulia mbele kwenda kushoto nyuma. Vipimo viwili vilivyokatizana vikilingana, pua imenyooka. Tulianza na tofauti ya milimita 31. Jioni ilikuwa 4. Nikasema inatosha, giza linaingia. Akasema tulale. Asubuhi akavuta tena: milimita 1.

Ufundi wa bodi na chasisi wote, milioni 1 na laki tatu.

Machi

Hakuna kilichofanyika. Mvua, ada za shule, na fundi kaenda kulima.

19 Aprili

Nimerudi na nimekuta kijana wa gereji anajaza rejeta mpya maji ya kisima kwa jagi la plastiki. Nimepiga kelele hadi mama wa chakula ng'ambo kageuka. Kijana hana kosa, kila gari hapa inajazwa hivyo. Lakini anayeishi Dodoma anajua birika lake likoje ndani: ukoko mweupe wa chumvi. Rejeta ni alumini, silinda hedi ni alumini. Tumemwaga, tumesuuza kwa maji ya chupa, tumeweka kulanti, dawa ya kupozea injini. Kisha nusu saa ya kutoa hewa, gari imeinuliwa pua juu, maana injini hii iliyolala ikibaki na povu la hewa ndani inachemka upande mmoja na kuunguza gasketi.

Imewaka mara ya kwanza leo. Mngurumo uleule wa kukoroma. Sitasema nilifanya nini usoni, vijana walikuwepo.

3 Mei

Taa ya airbegi inawaka kwenye dashibodi na imenikalisha macho.

Airbegi mbili za mbele zilifumuka. Mikanda ya viti vya mbele nayo ilifyatuka: ina baruti ndogo inayovuta mkanda ukubane gari inapogonga, na hiyo baruti hulipuka mara moja tu. Sasa mikanda imekwama, haivutiki. Na kile kiboksi kinachoamuru vyote hivyo kimehifadhi kumbukumbu ya ajali, hakikubali kuanza upya. Seti nzima ya mtumba iliyotoka kwenye gari ambayo haijagongwa: 2,400,000. Mkopo umebaki na laki sita.

Fundi umeme kanivuta pembeni. "Mkuu, mbona unajitesa? Naweka resista hapa na hapa, kiboksi kinadhani airbegi zipo. Dashibodi tunaziba na kupaka. Mikanda tunafunga ya Corolla. Laki moja na nusu. Hata ukiuza, mteja hajui."

Kwa kuwa hii ni shajara, niandike ukweli: sikukataa. Nilimwambia nitampigia.

Nimekwenda nyumbani nikapiga hesabu upande wa pili wa bahasha. Boneti nimelipia. Taa nimelipia. Mdomo wa mbele nimelipia alumini kwa alumini, na sumaku juu. Na hapa, kwenye kitu pekee kilichofanya kazi siku ile, ndipo nataka kupunguza. Mdogo wangu alikuwa sebuleni anaangalia mpira. Sikumweleza. Mchirizi umeshafutika, ila bado anakaa kwa kuegemea bega la kulia.

4 Mei

Nimempigia fundi umeme. Nimemwambia asubiri, natafuta seti.

Nimeuza pikipiki.

14 Juni

Rangi. Ukitaka kujua uvumilivu, paka gari rangi ya fedha Dodoma mwezi wa sita. Upepo unaanza saa tatu asubuhi na haulali hadi magharibi, na umebeba nusu ya Kizota. Fundi rangi anakuja saa kumi na moja alfajiri, anamwagia sakafu maji, anatundika maturubai kuzunguka, anapuliza makoti mawili kabla jua halijatoka, kisha anafunga na hakuna kufungua.

Fedha ina chembe za alumini ndani, kila mpulizo unazilaza kivyake. Ukipaka madigadi tu, kwenye kivuli ni sawa, kwenye jua zinaonekana gari mbili. Kwa hiyo mlango wa mbele ambao haukuguswa nao umechanganywa taratibu hadi katikati. Milioni 1 na laki moja, pamoja na nzi mmoja aliyezikwa kwenye koti la mwisho karibu na taa ya kulia. Tumemwacha. Kumtoa ni kuanza upya.

Nilipitisha sumaku yangu kwenye madigadi, iliyofungwa kitambaa. Imenata kila mahali kwa nguvu ileile, maana yake hakuna puti nene, ile ya kuziba mabonde ya bati, chini. Fundi bodi aliniangalia kama mkwe aliyekutwa anahesabu nyama za mchuzi.

21 Juni

Matairi manne mapya ya 235/45 R17, kampuni moja, aina moja: 1,480,000. Lazima yafanane, maana kwenye gari hii tofauti ya mzunguko wa tairi za mbele na za nyuma inaifanya difreshio ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, isugue muda wote. Nimesoma namba kabla ya kulipa. Muuza tairi kauliza natafuta nini pale chini.

Hesabu yote, toka bredauni hadi leo, ukiongeza kulanti, oili na vidogo vidogo vya laki nne na ishirini: milioni 15 na laki nne. Fundi wa kwanza alisema nne.

Kila anayelia kuhusu gari yake ya kasi anajifariji na yule mchekeshaji Mwingereza Rowan Atkinson, Mista Bean wetu. Aliacha njia na McLaren F1 yake mwaka 2011, bima ikalipa pauni 910,000 za matengenezo, na mwaka 2015 akaiuza pauni milioni 8. Nimemsimulia mke wangu hiyo. Kauliza yangu itauzwa ngapi. Nikaenda kumwagia maua.

28 Juni

Majaribio. Nimetoka Kizota hadi Nala, nikaingia barabara ya mzunguko, nikarudi. Mwendo 80. Joto limetulia katikati, breki zinashika sawa, taa ya airbegi inawaka sekunde chache ukifungua swichi kisha inazima yenyewe, kama inavyotakiwa. Usukani umekaa kushoto kidogo gari ikienda mbele; Jumatatu narudi kwenye alaimenti.

Lori lilikuwa mbele yangu karibu na Nala. Nimekaa nyuma yake hadi lilipokata kona.

Jioni mdogo wangu kaja na bodaboda kuiona. Kaizunguka kimya, kapitisha kidole kwenye boneti, kamwona nzi. Kisha kafungua mlango wa pembeni bila kukaa, kauvuta mkanda polepole hadi mwisho, kauachia ukarudi. Kauvuta tena kwa ghafla. Ukakwama.

"Huu uko sawa," akasema.

Akafunga mlango, akamwita boda, akaondoka.